Fundi apime kwanza, ndipo ataje bei ya zege

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Unguja, aliyeandika kwamba mafundi watatu walimtajia bei tatu tafauti kwa njia moja ya zege, ya kuingizia gari kutoka barabarani mpaka barazani kwake, na akamaliza kwa kusema kuwa wawili kati yao ni wezi. Barua yake nimeisoma mara mbili. Na mimi nilitajiwa bei tatu. Nilimchagua aliyetaja ndogo kuliko wote, na njia ile nimeilipia mara mbili. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha hesabu miaka 31 katika skuli za Wete, zaidi darasa la sita, na somo nililolipenda kuliko yote ni la ujazo: urefu mara upana mara kina. Nyumba yetu ipo Limbani, kwenye mwinuko, na barabara inapita chini, kando ya bonde la mpunga. Kutoka barabarani mpaka barazani pana mita 18, na ndani ya mita hizo ardhi inapanda mita 1.4. Kiangazi huoni taabu yoyote. Ikija masika, udongo ule mwekundu unateleza kama uliopakwa sabuni.

Mume wangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia ukalala, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Siku moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha tangu alfajiri, ilibidi apelekwe hospitali. Teksi ilifika, ikajaribu kupanda mara mbili, tairi zikachimba tope, dereva akateremka akaniambia, "Mama, nisamehe, siwezi." Vijana wanne wa jirani wakambeba mume wangu juu ya kiti cha plastiki. Katikati ya njia mmoja wao akateleza, akapiga goti. Nikamwona mume wangu amekishika kichwa cha yule kijana kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi, amekikamata kwa nguvu, macho ameyafumba. Hajalitaja jambo lile hata siku moja, na mimi sijamuuliza. Siku ile ile niliamua kwamba njia itatiwa zege.

Pesa zilikuwa za kiinua mgongo changu kilichobakia, na za karafuu za mikarafuu yetu kumi na moja. Nikaita mafundi.

Wa kwanza alikuja magharibi, akasimama barabarani, akatazama juu, akatazama chini, akasema shilingi 1,450,000, kazi na vifaa vyote. Wa pili alihesabu kwa hatua zake, akasema 2,200,000. Wa tatu alikuja saa mbili asubuhi na futi kamba na jembe. Alipima urefu, akapima upana sehemu tatu, akachimba vishimo viwili, kimoja juu karibu na baraza na kimoja chini karibu na barabara. Akaufinyanga udongo wa chini kiganjani. Kisha akaniomba ndoo ya maji, akaimwaga pale juu na akaanza kuyafuata yale maji kwa miguu, pole pole, mpaka yalipoishia. Akasema 2,950,000. Mimi nikamwambia, "Mwanangu, hii ni mara mbili ya mwenzako." Akanijibu, "Mwalimu, mwenzangu hakupima." Nilimwona ana tamaa. Nikampa kazi yule wa kwanza.

Zege lilimwagwa mwisho wa Februari, kwa siku moja na nusu. Nilikuwapo na nilifurahi kwa ile kasi. Nilimwona kibarua akiongeza maji ndoo baada ya ndoo mpaka zege likawa kama uji, nikadhani ndivyo inavyotakiwa, maana lilikuwa linajisambaza lenyewe bila taabu. Sikujua kwamba maji yanayozidi ndiyo yanayoliuwa zege. Na juu ya mteremko, zege lililo jepesi halikai mahali lilipomwagwa, linashuka. Siku ya tatu gari ya mizigo ilipanda juu yake kuleta mbao za jirani. Na baada ya kushika, wakati ndipo zege linapotaka maji juu yake ili lipate nguvu, hakuna aliyelimwagilia hata kopo moja.

Masika ya mwaka ule yalianza katikati ya Machi. Kufikia mwisho wa Aprili palikuwa na ufa kutoka ukingo mpaka ukingo, mita sita kutoka barabarani, unaoingia kidole. Halafu nyufa nyengine mbili. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, mpini wa fagio ukanianguka juu ya zege, nikasikia mlio mtupu, kama ngoma. Nikachukua mchi, nikawa nagonga hatua kwa hatua nikishuka. Juu mlio ulikuwa mzito. Chini, ngoma. Mjukuu wangu wa miaka tisa akalala kifudifudi pembeni, akatia mkono chini ya zege, ukaingia wote mpaka kwapani. Ardhi ilikuwa imeshachukuliwa na maji, zege limebakia linaning'inia. Wiki hiyo hiyo teksi ilipita, kipande cha ukubwa wa meza kikakatika na kuzama.

Nilikiokota kipande kimoja kilichovunjika nikenda nacho barazani. Nikatoa rula yangu ya skuli, ile ya mbao. Tulikubaliana unene wa sentimita 10. Ukingoni nilipata 6. Upande uliotoka katikati, 4.

Hapo, Mhariri, nilikaa kitako nikafanya hesabu ambayo ilinipasa niifanye kabla ya kutoa shilingi moja. Nitaiandika hapa kwa sababu kila mtu anaiweza, na nawaomba wasomaji waikate waiweke.

Njia yangu ina urefu wa mita 18 na upana wa mita 3. Hiyo ni mita za mraba 54. Kwa unene wa sentimita 10, yaani mita 0.1, zege lote ni mita za ujazo 5.4. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ambao ndio wa kawaida kwa sakafu inayopita gari ndogo, mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo ya saruji ya kilo 50. Kwa hiyo njia yangu ilihitaji mifuko 34, na ukiongeza kinachomwagika na kinachobaki kwenye makarai, 36. Mchanga karibu mita za ujazo 2.4, kokoto 4.8.

Mifuko mitupu nilikuwa nimeihifadhi bandani. Nikaihesabu. Ilikuwa 18.

Mifuko 18 haitoi zaidi ya mita za ujazo 2.9 za zege, na ukizitandaza juu ya mita za mraba 54 unapata unene wa sentimita 5 na nukta. Rula yangu na mifuko yangu vilisema kitu kimoja. Wala sisemi kwamba fundi yule alikusudia kuniibia. Alitaja bei kwa jicho, na baada ya kuitaja ikambidi azipunguze saruji na kokoto mpaka ziingie ndani ya bei ile, na mimi ndiye niliyemsifu kwa urahisi wake. Yeye hakuwahi kuniandikia mifuko mingapi, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo namwambia ndugu yangu wa Unguja: bei zake tatu huenda zilikuwa bei za vitu vitatu tafauti. Sentimita 7 na nusu badala ya 10 ni robo nzima ya zege imeondoka. Mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita badala ya moja kwa mbili kwa nne, kwa njia kama yangu, ni mifuko 24 badala ya 34, na kwa macho hutaona tafauti yoyote mpaka gari lianze kupita. Wavu wa chuma ukiwemo ni bei moja, usipokuwemo ni nyengine. Anayekutajia jumla bila ya kukwambia haya, unalinganishaje bei yake na ya mwenzake?

Lakini hata hesabu hiyo, nimejifunza baadaye, haikufika kwenye kitu kilichonivunjia njia. Hata zege lile lingekuwa na sentimita 10 kamili lingevunjika pale chini, pengine mwaka wa pili. Zege langu liliuliwa na udongo na maji, na hivyo ndivyo vitu viwili alivyovitazama yule wa tatu kwa jembe lake na ndoo yake moja.

Wazee wetu wakulima wanazijua ardhi za visiwa hivi kwa majina: kichanga, kinongo, kinamo, maweni. Mkulima anajua wapi muhogo utakubali na wapi utaoza. Fundi wa zege na yeye ni lazima ajue. Juu ya maweni, penye mwamba wa matumbawe kama upande mkubwa wa mashariki ya Unguja, zege limeshapata kitanda chake, unasawazisha tu. Mtu wa Makunduchi au Paje atatumia kidogo chini ya zege, ingawa kuuchimba ule mwamba pale unapochomoza nako kuna gharama yake. Kinongo chekundu kikishindiliwa vizuri kinabeba. Kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi, ndicho adui. Kikilowa kinavimba, kikikauka kinapasuka mpaka unatia mguu. Mita zangu 12 za juu ni kinongo. Mita 6 za chini, karibu na bonde, ni kinamo kitupu, na ndipo ufa wa kwanza ulipotokea, pale pale udongo unapobadilika. Jicho la mtu aliyesimama barabarani wakati wa magharibi halioni hilo.

Na maji. Kilima chote kilicho nyuma ya nyumba yetu kinamwaga maji upande wetu, na bati letu la upande wa mbele halikuwa na mfereji. Zamani maji yale yalikuwa yakishuka kwenye udongo, yakitawanyika. Tulipotia zege tuliyapa ukuta wa kuufuata. Yakateremka kwa kasi ukingoni mwake, yakachimba kutoka pembeni kuingia ndani. Chini kabisa zege lilikuwa limeuziba mtaro wa barabara, hakuna aliyefikiria kuweka bomba, kwa hiyo maji ya mtaro yakatafuta njia yao, nayo ilikuwa chini ya zege.

Nilikwenda mwenyewe kumtafuta yule fundi wa tatu. Nilimkuta kazini Bopwe. Nilimwomba radhi, mbele ya vibarua wake. Akasema, "Mwalimu, usiseme hivyo, wewe ni mama yetu," na siku ya pili akaja na futi kamba yake tena, ingawa vipimo alikuwa navyo.

Nitaieleza kazi yake kidogo, maana ndani yake ndimo bei ilimokuwa. Alivunja zege la zamani lote kwa nyundo, akakataa lisitupwe. "Haya tunayazika pale pale chini, yatatusaidia." Pale kwenye kinamo alichimba sentimita 30 kwenda chini. Nilipiga hesabu: mita 6 kwa 3 kwa 0.3 ni mita za ujazo 5.4 za udongo wa kutolewa, sawasawa na ujazo wa njia yangu yote ya awali. Kazi hiyo peke yake ilichukua siku mbili za vijana watatu, na leo hakuna anayepita akaiona. Shimo lilijazwa vipande vya zege la zamani na kifusi cha mawe, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa. Alikodi mashine ya kushindilia kwa siku moja. Nilitaka kuikata gharama ile, nikakumbuka mkono wa mjukuu wangu umezama mpaka kwapani, nikalipa.

Akaweka bomba nene la plastiki chini ya mlango wa njia ili mtaro wa barabara upite, akachimba mtaro pembeni kutoka juu mpaka chini, na akaniambia nitie mfereji kwenye bati kabla ya zege, siyo baada. Wavu wa chuma aliuinua kwa vijiwe ukae ndani ya zege. Yule wa kwanza alikuwa ameutandaza juu ya udongo, na nilipouona ulipofukuliwa ulikuwa umeshaanza kuota kutu bila ya kubeba hata siku moja. Mita 12 za juu alimwaga sentimita 10, mita 6 za chini, ambako gari inageuka na kuegemea, 15. Jumla mita za ujazo 6.3, mifuko 40. Nilikaa kwenye kiti kivulini na daftari, nikapiga mstari kwa kila mfuko uliofunguliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nifanye hivyo.

Maji ya kuchanganyia aliyapima kwa ndoo: ndoo moja ya lita 20 na nusu ya pili haijai, kwa kila mfuko. Zege lilikuwa gumu, vijana wakinung'unika, likikaa pale unapolitia. Hakulimwaga njia nzima kwa mpigo, aligawa vipande sita vya mita tatu kwa tatu, akaacha mstari kati ya kimoja na chengine, kwa sababu zege likikauka linasinyaa na litapasuka tu, bora lipasuke pale ulipolipangia. Juu hakulisugua likawa laini. Alichukua fagio la chelewa akalivuta kwa upana, mara moja tu, kila kipande, likaacha mistari midogo. Mistari ile ndiyo inayoshika tairi za kile kiti mvua ikinyesha. Wengi hutaka njia ing'ae kama sakafu ya sebule, na kwenye mteremko huko ni kujitafutia kuanguka.

Kisha magunia makuukuu, yakilowekwa asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Maji ya bomba kwetu huja kwa zamu, kwa hiyo nilikuwa nimejaza mapipa sita kabla. Na hakuna gari, hata baiskeli, kwa wiki nzima, wala gari ya mizigo mpaka siku 28 zitimie. Jirani alininunia kwa hilo. Tumepatana.

Sasa nije kwenye jambo la sisi watu wa Pemba, maana ndugu yangu aliuliza pia kwa nini jamaa yake wa huku alitajiwa zaidi kuliko yeye.  Saruji yetu kwa kawaida inatoka bara, Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, inapakiwa, inavuka bahari, inateremshwa Wete au Mkoani, inapandishwa gari tena. Kila mkono unaoushika mfuko unaongeza chake. Katika miezi ya kusi, bahari ikichafuka, chombo kinachelewa, na duka lililobakiwa na mifuko michache halikuuzii kwa bei ya jana. Mchanga nao unachimbwa chini ya usimamizi wa Serikali, kwa sababu ni mali inayokwisha na visiwa ni vidogo. Mtu asishawishike na mchanga wa pwani unaoletwa usiku. Kuuchota ni kosa na ufukwe unaliwa, na ile chumvi yake inaila nondo ndani ya zege huku wewe umelala.

Halafu kuna karafuu. Nashangaa hakuna fundi aliyewahi kunieleza hili, nililiona mwenyewe. Msimu ukishika, vijana wenye nguvu wote wapo mikarafuuni, na nani atakuja kubeba karai kwa ujira wa kawaida wakati anaweza kuchuma na kulipwa kwa pishi? Kazi yangu ya pili niliisubirisha mpaka uchumaji umalizike. Kati ya msimu na masika kuna wiki chache za jua, Januari na Februari, na hizo ndizo za zege. Anayeamua Machi anajitafutia mvua.

Na kilima chenyewe. Gari ya mchanga haikuweza kupanda kwangu, ilimwaga chini. Kila tone la zege lile lilipanda mita 18 kwa toroli na kwa kichwa. Vibarua wawili walioongezwa kwa ajili hiyo tu walikuwa ndani ya ile bei niliyoiita tamaa. Mwenye nyumba iliyopo kando ya lami hatalipa hiyo, na mafundi wake wala si waaminifu zaidi.

Kwa mwenye uwezo mdogo nina neno moja, nalisema kwa sababu najua wengi wameacha kabisa baada ya kusikia bei. Si lazima uijaze njia yote. Mistari miwili ya zege kwa ajili ya tairi, kila mmoja sentimita 70, katikati ukaacha majani, kwa mita 18 ni mita za mraba 25 tu badala ya 54. Mifuko 16. Ukiiweka juu ya kitanda kilichoshindiliwa vizuri itadumu miaka mingi. Mimi nisingeweza, kwa ajili ya kiti cha mume wangu na anayekisukuma, lakini ningekuwa na gari tu ndivyo ningefanya.

Ninachoomba ni mambo mawili. Mafundi wetu, ambao wengi wao nimewasomesha na nawajua kwa majina ya baba zao, wasitaje bei kabla ya kupima, na waiandike: urefu, upana, unene, mifuko mingapi, mchanganyiko gani, wavu upo au haupo, udongo unatolewa kiasi gani, maji yanakwenda wapi. Nusu karatasi inatosha. Na sisi wenye nyumba tukubali kumlipa fundi kwa ile asubuhi yake ya kupima, hata kama kazi hatutampa. Yule wa tatu alipoteza saa tatu kwangu mara ya kwanza, akaondoka bila ya kitu, na hakunidai. Nimemlipa baadaye, kwa kulazimisha.

Mhariri, kama utaona inafaa, ichapishe ile hesabu ya mita za ujazo peke yake ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa kidogo, ili mtu mzima asiyevaa miwani aione.

Masika haya yaliyopita teksi imepanda mpaka barazani mara saba. Mume wangu siku hizi hushuka mwenyewe baada ya alasiri, mkono mmoja kwenye gurudumu, mjukuu nyuma yake amekishika kiti, mpaka karibu na barabara, na hukaa pale kuwasalimia wanaotoka bondeni. Mimi huwa barazani wakati huo. Mtu wa Wete mwenye vipimo vyake vitatu na bei aliyotajiwa, na aje, tutapiga hesabu pamoja. Rula ninayo, na kile kipande cha sentimita 4 bado nimekiweka.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu,
Limbani, Wete,
Pemba.